Sura ya Tano: Nasaba na Wasifu wa Mrasiberi

Mrasiberi mwekundu umeingia bustanini juzi tu ukilinganishwa na mtende na mzabibu, ambayo ilikwisha kupandwa kwa safu na kurithishwa kwa wosia tangu zama ambazo habari zake twazisoma katika vitabu vitakatifu. Karne nyingi ulikaa pembezoni mwa misitu ya Ulaya na ya Amerika ya Kaskazini, ukichumwa na wapita njia, watoto na ndege. Na hata pale mwanachuoni wa Sweden, Carl Linnaeus, alipoutia katika daftari la elimu mwaka 1753 kwa jina la Rubus idaeus, akiunasibisha na mlima Ida, ulikuwa bado nusu yake ni wa bustani na nusu yake ni wa porini. Jamaa zake wametapakaa duniani, hata katika miteremko yenye ubaridi ya Kilimanjaro na ya mlima Kenya, ambako wapanda milima hukuta vichaka vya miiba vya ukoo huohuo wa Rubus. Lakini huu mwekundu tunaouzungumzia ni mmea wa nchi za theluji, kwa kuwa matumba yake hayaamki vyema mpaka kwanza yalale majira mazima ya baridi.

Umbile lake lahitaji kuelezwa kwa kituo, maana kazi yote ya mzalishaji wa aina mpya imejengwa juu yake. Mizizi huishi miaka mingi, ilhali fito zinazotoka ardhini huishi miaka miwili tu: mwaka wa kwanza ufito hurefuka na kuvaa majani, mwaka wa pili huchanua, huzaa, kisha hukauka, na wakati huo fito changa zimekwisha kuchipua ubavuni mwake ili zishike zamu. Zipo aina ambazo ufito huzaa nchani katika mwaka wake wa kwanza, kabla baridi haijaingia, na mashuhuri kati ya hizo ni Heritage, iliyotolewa mwaka 1969 na kituo cha utafiti wa kilimo cha Geneva, katika jimbo la New York. Tunda lenyewe ni mkusanyiko wa vitunda vidogo vingi, kila kimoja na kokwa yake, vilivyoshikamana juu ya kitako cheupe cha ua. Nalo likichumwa hukiacha kitako hicho kwenye kikonyo, likatoka lina uwazi ndani mithili ya kofia. Ushikamano wa vitunda hivyo, na wepesi wa tunda kuachana na kitako chake, ni mambo mawili ambayo mlaji hayafikirii kamwe, na ambayo mzalishaji huyapima kila siku ya mavuno kwa vidole vyake mwenyewe.

Amma kuhusu mbegu, hapo ndipo ilipo taabu ya kazi hii, na ndipo ilipo tamaa yake pia. Mrasiberi una kromosomu 14, saba za mama na saba za baba, lakini urithi uliomo umechanganyika kiasi kwamba mtu akizipanda mbegu zote za tunda moja lililo zuri kuliko yote shambani, hatapata hata mche mmoja ulio nakala ya mamaye: mmoja utakuwa na fito ndefu zilizolegea, mwingine utajaa miiba, wa tatu utazaa matunda yanayomomonyoka mkononi, na wengi watakuwa wa kadiri tu, wasio na aibu wala sifa. Anayetaka kuuhifadhi mmea alioupenda hana budi kuiacha mbegu na kuirudia mizizi, ambayo kwa tabia yake hutoa maotea pande zote. Naye huyang'oa maotea hayo akayapanda pengine, au siku hizi huchukua kichipukizi kidogo akakilea ndani ya chupa maabarani mpaka kiwe maelfu. Kwa hiyo aina ya rasiberi, kwa maana wanayoikusudia wakulima, haifanani na kabila lenye watu wengi wanaoshabihiana. Ni nafsi moja, mmea mmoja uliosimama siku moja mahali pamoja, ukakatwakatwa na kuenezwa hadi ukajaza mabonde. Nawaomba wasomaji walishike jambo hili, maana bila hilo haieleweki kwa nini watu wazima, wenye elimu na ajira, huweza kuandika kurasa nyingi juu ya kichaka kimoja.

Zamani aina hazikuzalishwa, ziliokotwa. Katika miaka ya 1860 Thomas Cuthbert alikuta huko Riverdale, karibu na mji wa New York, mche uliojiotea wenyewe, na mche huo, uliopewa jina lake, ukawa kwa muda mrefu ndio rasiberi ya Wamarekani. Katika jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza, mkulima J. J. Kettle alikuta mrasiberi wa mwituni wenye matunda makubwa na uzazi wa ajabu, akauingiza sokoni mwaka 1919 kwa jina la waziri mkuu wa wakati huo, Lloyd George. Hakuna aliyepanga ndoa ya wazazi wao. Nyuki walipanga, na ndege wakazipeleka mbegu walikozipeleka. Lakini si haki kusema kwamba watu hawa walibahatika tu. Maelfu walipita penye vichaka vya namna hiyo, wakala, wakaendelea na safari zao; hawa walisimama, wakatazama, wakatambua kwamba kilichokuwa mbele yao hakikuwa sawa na vilivyokizunguka. Jicho hilo la kutenga hiki na kile ndilo mtaji wa kwanza wa mzalishaji, na mimi naona ndilo mtaji wa mwisho pia, kama itakavyodhihirika tutakapofika kwenye kuandika wasifu.

Lloyd George, ijapokuwa yenyewe ilidhoofishwa mapema na maradhi ya virusi, iliacha kizazi. Damu yake imo katika nasaba za aina nyingi zilizotoka kituo cha East Malling, katika jimbo la Kent, chini ya mkono wa Norman Grubb. Na ng'ambo ya bahari, huko Corvallis katika jimbo la Oregon, George Waldo wa Wizara ya Kilimo ya Marekani aliichanganya na aina ya Kimarekani iitwayo Newburgh, na katika watoto wa ndoa hiyo akamchagua mmoja, aliyetolewa kwa wakulima mwaka 1943 kwa jina la bonde lao, Willamette. Tunda lake ni jekundu la kuiva sana, gumu la kutosha kuvumilia safari na kugandishwa, nalo lilikubalika viwandani mara moja. Baadaye likavuka bahari kuelekea mashariki. Katika vilima vya Arilje na Ivanjica, nchini Serbia, familia nyingi zimejenga nyumba na kusomesha watoto kwa rasiberi, na sehemu kubwa kabisa ya rasiberi hiyo imekuwa Willamette ileile, ambayo Waserbia wameifanya yao hata katika matamshi, wakaiita Vilamet. Mche mmoja uliotolewa Oregon wakati wa Vita Kuu ya Pili ndio ulio miguuni mwa wachumaji wa Arilje kila mwezi wa Juni, bila kupungukiwa wala kuongezewa nasaba. Na Willamette nayo ilipooanishwa na Cuthbert ya kale, akazaliwa Meeker, aliyetolewa mwaka 1967 na kituo cha Puyallup cha jimbo la Washington, akapewa jina la Ezra Meeker, mmoja wa walowezi wa mwanzo wa mji huo. Ndiye aliyetawala mashamba ya jimbo hilo kwa miongo mingi. Basi katika mwili wa Meeker wamekutana mzee wa Riverdale na mwitu wa Dorset.

Namna ya kuoanisha ni hii. Mzalishaji huliendea ua la mama lingali tumba, maana likifunguka limekwisha kujichavusha au kuchavushwa na nyuki, na kwa wembe mwembamba hulivua sepali, petali na stameni zote, likabaki lile fundo la pistili katikati. Kisha hulifunika mfuko ili mdudu asiliguse. Chavua ya baba hukusanywa kutoka maua ambayo yako tayari kufunguka, hukaushwa, na siku chache zinazofuata, pistili zinapokuwa tayari, hupakwa kwa brashi ndogo au kwa ncha ya kidole. Kibandiko huandikwa majina mawili, la mama likitangulia, na tangu hapo kitabu cha nasaba kimefunguliwa. Wiki chache baadaye hupatikana tunda lenye makumi ya mbegu, lakini mbegu za mrasiberi zimevaa ganda gumu mno, lililoumbwa kuhimili tumbo la ndege, hivyo huloweshwa kwanza katika asidi kali ya salfuriki kwa dakika kadhaa, zikasafishwa, kisha zikazikwa katika unyevu na ubaridi kwa miezi ili zidanganyike kwamba zimepita msimu wa baridi. Ndipo zinapoota.

Kinachofuata ni kazi ya kutupa. Miche kwa maelfu hupandwa shambani, husubiriwa mpaka izae katika msimu wa pili, na mzalishaji hupita safu kwa safu akionja, akivuta, akiinamisha fito, akiandika alama. Na mwisho wa msimu iliyosalia haifiki hata mmoja katika kila mia, mingine yote ikang'olewa. Wapo wanaodhani kwamba kipaji cha mzalishaji kimo katika kuoanisha. Kuoanisha hufundishika kwa asubuhi moja. Kilicho kigumu ni kuung'oa mche wenye tunda tamu kwa sababu mizizi yake haivumilii maji yaliyotuama, na kuuacha wenye tunda la kawaida kwa sababu umesimama imara mahali ambapo jirani zake wote wamenyauka kwa ukungu wa Phytophthora. Aina ya zamani ya Minnesota, Latham, iliyotolewa mwaka 1920, haisifiwi sana leo kwa tunda lake, lakini wazalishaji hawaiachi, kwani mizizi yake imehifadhi ukinzani dhidi ya maradhi hayo, nao huurudia kila wanapohitaji damu yenye nguvu.

Adui mwingine ni kirusi kinachosafiri ndani ya chavua yenyewe, kikaingia ua kwa ua bila kuhitaji mdudu wa kunyonya majani, kikasababisha vitunda visishikamane, hata tunda likawa makombo mkononi mwa mchumaji. Hakuna dawa ya kunyunyiza inayokizuia. Kinga iliyo imara ni ya kuzaliwa nayo. Willamette inayo dhidi ya aina ya kirusi hicho iliyozoeleka, ila Meeker, mwanawe, hakuirithi, na wakulima wa Washington wameilipia hitilafu hiyo ya urithi kwa kung'oa mashamba na kupanda upya. Kadhalika kuna habari ya miiba. Tabia ya kutokuwa na miiba ni dhaifu katika urithi, haionekani mpaka ije kutoka kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo aitakaye sharti avumilie kizazi kizima cha watoto wenye miiba ambao ndani yao imefichika. Huko Invergowrie, karibu na Dundee katika Uskoti, Derek Jennings na wenziwe walivumilia, na mwaka 1981 zikatoka Glen Moy na Glen Prosen, fito zake laini zikiwapunguzia wachumaji michubuko ya mikono. Glen Prosen ikapelekwa Kanada, ikaoanishwa na Nootka, na katika mikono ya Hugh Daubeny ikampata Tulameen, aliyetolewa mwaka 1989, ambaye kwa ladha na kwa urefu wa tunda wengi hawajampatia mshindani.

Mche uliochaguliwa huzidishwa, hupandwa mahali mbalimbali kando ya aina zinazojulikana, huchumwa kwa mikono na, mahali kama Lynden katika jimbo la Washington, kwa mashine zinazotikisa fito na kupokea kinachodondoka. Tangu chavua ipakwe hadi mkulima auziwe mche, miaka kumi ni michache. Katika muda wote huo mmea hauna jina, una namba tu. Ndipo inapokuja siku ambayo mzalishaji huketi mezani na kuandika wasifu wake, na siku hiyo, inayodhaniwa na wengi kuwa ya makaratasi matupu, ndiyo ninayotaka kuitetea katika sura hii.

Hadi mwaka 1930 hapakuwa na sheria Marekani iliyomlinda mzalishaji wa mmea. Mwenye kubuni mtambo aliweza kupata hataza. Mwenye kupata tunda jipya aliuza miche ya kwanza, na mwaka uliofuata jirani yake aliuza maotea ya miche hiyohiyo. Luther Burbank, mzalishaji mashuhuri wa California, alikufa mwaka 1926 bila ya kuiona sheria hiyo, na Thomas Edison alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti ipitishwe. Hataza ya kwanza ya mmea ilitolewa mwaka 1931 kwa waridi liitwalo New Dawn. Sheria ile ilikabiliwa na tatizo ambalo waundaji mitambo hawana: mtambo huweza kuelezwa kwa namna ambayo fundi mwingine atauunda kwa kusoma, lakini hakuna maneno yatakayomwezesha mtu kuunda mrasiberi. Hata akioanisha wazazi walewale mara elfu, hatampata mtoto yuleyule. Basi sheria ikaridhia kwamba wasifu uwe kamili kadiri inavyowezekana kwa busara, na mwombaji adai jambo moja tu, yaani mmea ule ulioonyeshwa na kuelezwa. Kinachotakiwa kwake ni ushahidi: aueleze mmea hivi kwamba mgeni aliye mbali, akiukuta, aseme kwa yakini, ndio huu, au, sio huu.

Mataifa mengine yaliifuata njia yao yenyewe. Mwaka 1961, mjini Paris, yalitia sahihi mkataba wa kulinda aina mpya za mimea, ambao makao ya umoja wake yako Geneva ya Uswisi na kwa kifupi huitwa UPOV. Kenya ilijiunga mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2015. Masharti yake ni kwamba aina iwe mpya, iwe na tofauti bayana na zote zijulikanazo, mimea yake ilingane, na sifa zake zisibadilike zinapozidishwa. Kwa kila zao kuna mwongozo wake wa sifa za kupimwa, na sifa nyingi hutiwa alama kuanzia 1 hadi 9, na pembeni hutajwa aina za mfano, ili neno kama refu au fupi lisiachwe kwa hisia za mpimaji. Mkaguzi wa KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, anayepima waridi huko Kenya na mwenzake wa Ulaya anayepima rasiberi wamefundishwa kuona kwa utaratibu mmoja.

Na wasifu husema nini? Huanza na nasaba, mahali na mwaka wa kuoanisha, kisha hushuka kwenye mwili. Ufito mchanga una rangi gani, na upande unaopigwa na jua umeiva wekundu kiasi gani? Una unga mweupe juu ya gamba au hauna? Miiba ni mingi au michache, mirefu au mifupi, imenyooka au imeinama, na kitako chake kina rangi gani? Jani lina vijani vitatu au vitano, vinagusana au vimeachana, kingo zake zina meno ya namna gani, na upande wa chini una weupe wa manyoya kiasi gani? Tunda ni la duara, la pia, au refu lenye ncha. Lang'aa au limefifia. Huachana na kitako kwa urahisi au kwa kubishana? Rangi hazisemwi kwa maneno peke yake, bali hulinganishwa na chati ya Jumuiya ya Kifalme ya Bustani ya Uingereza, iliyotolewa mwaka 1966 na kurudiwa mara kadhaa tangu hapo, ambayo kila kiraka chake cha rangi kina tundu katikati ili jani au tunda litazamwe kwa nyuma, rangi ikutane na rangi. Hufanywa katika mwanga wa mchana usio na jua la moja kwa moja, kwani jua hudanganya na taa hudanganya zaidi.

Aliyezoea kusoma mashairi ataona kwamba maandishi haya ni makavu. Mimi nakiri kwamba huyasoma kwa heshima kubwa, kwa sababu hayana neno lililowekwa kwa ajili ya kupendeza. Mtu aliyekaa na mmea mmoja miaka kumi, akaupenda kiasi cha kung'oa maelfu ya ndugu zake, anapoandika kwamba kitako cha mwiba wake kina rangi ya zambarau ilhali cha jirani yake ni cha kijani, amejizuia kusema yote ambayo moyo wake unataka kusema, akasema lile ambalo mwingine anaweza kulihakikisha. Nidhamu hiyo ya kuona ni ndugu ya nidhamu ya wapokezi wa habari waliokataa kusimulia wasichokisikia kwa masikio yao.

Lakini nina lawama moja, nayo si ndogo. Ladha, ambayo ndiyo sababu ya mwanadamu kuusogelea mmea huu tangu mwanzo, ina nafasi finyu mno katika nyaraka hizi: hupimwa sukari, hupimwa uchachu, na mara nyingine huongezwa kwamba ladha ni nzuri. Harufu ile inayopanda puani rasiberi ya Tulameen inapopasuliwa kwa ulimi haina namba yake wala kiraka chake kwenye chati. Kwa kuwa kisichoandikwa hakidaiwi, wazalishaji wengi wameweka bidii zao kwenye ugumu wa tunda na wingi wa mavuno, na mlaji wa mjini amezoeshwa rasiberi kubwa, nyekundu, imara, isiyo na mengi ya kusema mdomoni. Ingefaa kila wasifu wa aina mpya uwe na hukumu ya waonjaji kadhaa, iliyotolewa kwa kulinganisha na aina tatu au nne zijulikanazo, kama inavyofanywa kwa urefu wa mwiba. Maana mwiba hauliwi.

Hataza ya mmea nchini Marekani hudumu miaka 20 tangu kuombwa, kisha mmea huwa wa kila mtu. Wasifu hubaki, na hapo matumizi yake hayahusu tena mali. Huko Corvallis, katika mji uleule wa Waldo, Wizara ya Kilimo ya Marekani ina hazina ya mimea hai ambamo aina za mirasiberi, za sasa na zilizoachwa na soko, hutunzwa ndani ya vyungu na chupa, kwa sababu haziwezi kutunzwa kwa mbegu. Vibandiko hupotea, vyungu hubadilishana nafasi, maotea ya mmoja huvuka yakachipua kwa mwenzake. Siku hizi watunzaji huweza kuuliza urithi wenyewe maabarani, wakalinganisha alama za DNA. Lakini alama hizo sharti zilinganishwe na mmea ambao utambulisho wake hauna shaka, na kwa aina nyingi za zamani utambulisho huo hutegemea maneno ya mtu aliyekaa mbele ya kichaka na kuandika alichokiona. Hivyo mtunzaji huufungua wasifu wa zamani, huuweka kando ya chungu chenye shaka, akaanza kusoma kutoka chini: rangi ya ufito, kitako cha mwiba, idadi ya vijani.